Bustani Iliyodhaniwa Shimo

Katika mtaa wetu wa Manika, mtu akionekana na koleo mkononi, watu hujiuliza nani amekufa. Wakiambiwa kwamba hakuna msiba, basi wameshajua: huyo amepata matiere. Matiere ndilo jina tunaloyapa mawe yenye kobalti na shaba hapa Kolwezi, yale mawe ambayo watu wameyafuata hadi chini ya vitanda vyao. Sababu ya tatu ya kushika koleo haijulikani kwetu. Kwa hiyo nilipotangaza nyumbani kwamba nitalima mboga nyuma ya nyumba, mume wangu aliweka kijiko chini, akanitazama kwa huruma.

"Mboga? Mu hii jua?"

"Mu hii jua."

"Na ku soko, balifunga?"

Mume wangu ni fundi wa malori, na kama mafundi wengi anaamini kwamba kitu kinachopatikana sokoni hakina haja ya kutengenezwa nyumbani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusema jambo mara moja likafanyika. Tumeishi vizuri kwa sababu kila mmoja wetu anaamini kwamba yeye ndiye anayeamua.

Kilichonisukuma ni hasira. Lengalenga, ile mboga ya majani ambayo kwingine huitwa mchicha, hufika sokoni asubuhi ikiwa imesimama wima. Mimi hutoka shuleni saa ambazo imeshalala ubavu, imejaa vumbi jekundu la barabarani, na hata ukiiosha na kuiosha tena, bado kuna chembe ya mchanga inayokungoja katikati ya tonge la bukari, ugali wetu. Nimesaga mchanga kwa meno yangu tangu niolewe. Siku moja nikasema basi, nitakula mboga ambayo vumbi lake nalijua mwenyewe.

Ila nilichagua kwa macho. Kwenye duka la mbegu kulikuwa na pakiti zenye picha: saladi iliyojikunja kama nywele za bibi harusi, karoti zilizonyooka, kabeji ya duara. Hakukuwa na picha ya lengalenga. Nikachukua za picha. Nikazipanda mwezi wa tisa, wakati mvua bado haijafikiria kurudi na jua la Kolwezi halina kazi nyingine isipokuwa kuangalia ua wangu.

Saladi iliota, hilo nalisema kwa ukweli wote. Asubuhi ilikuwa saladi, saa sita ilikuwa kitambaa, jioni ilikuwa majivu. Karoti ziliniletea mikia ya panya. Kabeji haikujifunga hata moja, ililegea tu ikawalisha viwavi wa mtaa mzima.

"Mama," mume wangu akaniita kutoka mlangoni, "salade imesha kuiva. Nilete mafuta na chumvi?"

 Siku hiyo alipika mwenyewe.

Aliyecheka kuliko yeye alikuwa jirani yetu. Ng'ambo ya ukuta aliishi mama mmoja muuzaji wa makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, mjane aliyenizidi umri, unene na sauti. Ukuta kati yetu ulikuwa na pengo la tofali moja. Kwenye pengo hilo zilipita bakuli, makaa ya moto na habari za mtaa, na mara nyingi habari zilikuwa na chumvi kuliko samaki wake. Aliniita madamu, kama wanavyoitwa walimu wote wa kike kwetu. Aliweka jicho moja kwenye pengo, akatazama tuta langu la saladi, akaguna.

"Madamu, unalishaka jua?"

"Ninajaribu, mama."

"Jua inashiba. Weye je?"

Nilimpenda mama yule. Nilimpenda hata aliponiudhi, na aliniudhi karibu kila siku.

Wakati huo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyesoma kilimo, alipita kwetu akitoka Lubumbashi. Alichukua konzi ya udongo wetu, akaifinya, akaiachia. Udongo ulianguka kama tofali bovu. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hii udongo imesha kufa. Inakosa matiere organike." Akaeleza: mbolea ya mbuzi, majani yaliyooza, majivu kidogo. Akasema tusinyanyue matuta kama watu wa nchi zenye mvua nyingi, bali tuyachimbe yawe chini kidogo ya uwanja, ili maji yakiingia yasikimbie. Akasema pia nichague mboga zinazopenda jua. Hapo nilimkatiza. Nilisema nataka saladi. Akakuna kichwa. "Kama unangangania salade," akasema, "basi funika na hema, jua ya saa sita isiione." Akapanda basi lake akaenda zake, na laiti angejua alichotuachia.

Maana nilipendezwa sana na lile neno. Matiere organike lilikuwa jina zuri kwa kinyesi cha mbuzi, lakini lilikuwa refu. Kufika jioni nilikuwa nimekata mkia, nikabaki na matiere.

Mume wangu, kwa kutaka amani, alikubali kuchimba siku zake za mapumziko. Mimi nilisimama kwenye kivuli cha ukuta kumwelekeza, nikimwita tata, yaani baba. Sauti yangu ni ya darasani, haijui kunong'ona, na sijawahi kuifundisha.

"Tata, chimba tena! Matiere iko lazima iende chini!"

"Ya jana ilikuwa muzuri. Leta ingine sawa ile!"

"Funika haraka, batu basione vile tulifanya fujo!"

Mbolea ilikuja katika masaka meupe ya plastiki, yaani magunia, yale yale wanayobebea wachimbaji, kwa sababu mjini kwetu hakuna saka lingine. Udongo tuliotoa tuliurundika kando ya ukuta. Na hema ambalo mume wangu alilipata sokoni, turubai lililokwishatumika, lilikuwa la rangi ya chungwa. Mtu wa Kolwezi hahitaji kuambiwa hema la rangi ya chungwa nyuma ya nyumba ya mtu linafunika nini: shimo la mawe. Mimi mwenyewe ningepita barabarani nikaliona kwenye ua wa mwingine, ningejua mara moja. Lakini ua ulikuwa wangu, nilijua chini yake kuna saladi, na nilipolitazama niliona saladi.

Jirani aliacha kuchungulia. Kisha, asubuhi moja, nikakuta pengo la ukuta limezibwa kwa tofali na simenti mbichi. Niligonga, hakuitika. Nikaingia ndani nikamwambia mume wangu kwamba mama wa makayabu ameshikwa na wivu kwa sababu ya saladi yangu. Mume wangu alisema, kwa upole, kwamba hajawahi kusikia mtu akionea wivu saladi, hata iliyo hai.

Kisha akaja negosia. Hivyo ndivyo tunavyowaita wanunuzi wa mawe, watu wa pikipiki, simu mbili na miwani ya jua. Nilikuwa nafua pale uani alipobisha getini na kunisalimia kwa heshima ambayo sikuizoea.

"Mama, bananiambia muko na matiere."

"Iko," nikajibu, nikishangaa jinsi habari za mbolea zinavyotembea.

"Iko mingi?"

"Tata alileta masaka ingine jana."

"Iko nyeusi?"

"Ile yenye ilioza muzuri iko nyeusi. Ingine bado iko na majani ndani."

Hapo alisita kidogo, lakini aliendelea. "Na teneur?"

Teneur ni wingi wa madini ndani ya jiwe. Mnunuzi wa mawe huuliza hilo kabla hata ya kuuliza jina lako. Mimi nilidhani anauliza nguvu ya mbolea, nikaona huyu bwana ni mjuzi. "Teneur, ile inategemea mbuzi," nikamwambia. "Inategemea mbuzi alikula nini."

Alivua miwani. "Mbuzi njo PDG ya shimo?"

PDG ni mkubwa wa kundi la wachimbaji, mwenye shimo, na njo ni "ndiye" ya kwetu. Bado sikuelewa. Nilimfungulia saka, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama, akaunusa. Nilisubiri akimbie. Badala yake alitikisa kichwa kama mtu anayevua kofia.

"Mama, muko na akili," akasema. "Kufunika matiere na mavi ya mbuzi! Nani atatafuta pale?"

Akanawa mikono kwenye beseni langu la nguo, akapanda pikipiki, akaondoka. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama na shati la mume wangu linalodondosha maji. Mume wangu aliporudi nikamhadithia, tukacheka mpaka akaegemea mlango. Kwa jioni nzima alikuwa akinyoosha mkono hewani na kuuliza, "Mbuzi eko wapi? Mbuzi alisema nini?" Tulidhani hadithi imeishia pale.

Kesho yake nikaona mkokoteni mbele ya nyumba ya jirani. Godoro lilikuwa juu, kisha kabati, kisha masufuria ndani ya shuka. Niliacha nilichokuwa nikifanya nikaingia kwake kupitia mlango wa mbele, kama mgeni. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya sebule tupu.

"Mama, unahama?"

"Nahama. Naenda kwa dada yangu, ku Musonoi."

"Juu ya nini?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Madamu, tusidanganyane. Kila mutu anatafuta maisha. Lakini mulikuwa muniambie tu. Ningetoka bila kelele."

Nikaanza kueleza. Nilieleza saladi, shemeji, mbuzi, neno refu nililolikata. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikidanganya. Aliniacha nimalize.

"Ku Kasulo," akasema, "voisin, jirani wangu, alisemaka eko nachimba choo."

Nilijua kwamba aliwahi kukaa Kasulo, mtaa ule ambako watu walikuta matiere chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba sebuleni. Sikujua zaidi ya hapo. Hatukuwahi kulipitisha hilo kwenye pengo.

"Mi nilimusaidia na ndoo yangu," akaendelea. "Nilimupatia na chai. Choo gani, haimalizikake? Halafu nalala, nasikia chini ya kitanda: ti, ti, ti. Naweka sikio ku sima, ile simenti ya chini: ti, ti, ti. Bwana yangu anasema ni panya. Kisha jikoni ikaenda mu shimo. Nilikuwa nimetoka kuchukua chumvi tu. Narudia, jikoni haiko. Maharagi yangu ilikuwa ku moto. Ilienda na sufuria, na moto, na mwiko."

Alicheka kwa ajili ya yale maharagwe, nami nikacheka pamoja naye kwa sababu alicheka, na katikati ya kicheko akaacha ghafla, nikabaki peke yangu nikicheka ndani ya nyumba tupu.

"Ye alisemaka choo," akasema. "Weye unasema salade."

Alinionyesha ufa kando ya mlango wake wa nyuma. Alisema haukuwako. Mimi nilikuwa nimeuona ufa ule tangu masika yaliyopita. Nilimwomba aje aangalie ua wetu kwa macho yake. Alitikisa kichwa. "Nitaangalia nini? Shimo inafunikwaka. Iko mutu anataka kununua hii nyumba, wa pikipiki, na miwani. Atarudia. Mi nitamupatia funguo, nilale kwenye kunakuwa kimya."

Nilirudi kwangu. Nilimweleza mume wangu yote. Mama yule alikuwa anaacha nyumba yake ya pili maishani kwa sababu ya saladi. Na akiondoka, negosia ataingia, naye atachimba kweli, akitufuata sisi chini kwa chini kutafuta utajiri wa mbuzi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, na sikujua hasira hiyo nimpe nani.

"Tufukie," mume wangu akasema mwishowe.

"Tukifukia, atasema tumeficha."

"Tuache basi."

"Tukiacha, anaona hema."

Akafikiri. Fundi akifikiri hutazama mikono yake. "Basi hema itoke," akasema. "Ya kwanza, hema itoke. Na mahali pa hema kuonekane kitu."

Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua mboga. Safari ya kwanza nilichagua kwa macho yangu. Safari hii ilinibidi nichague kwa macho ya mama aliye ng'ambo ya ukuta. Hema likiondoka, mboga lazima ziwe za kulipenda jua, si za kulivumilia tu kwa kunung'unika. Lazima ziote upesi, kwa sababu mnunuzi hangoji. Na lazima ziwe ndefu au ziwe na tabia ya kutambaa, ili mtu anayepita upande wa pili azione bila kuombwa. Saladi ilishindwa mtihani wote. Niliing'oa mwenyewe, na sitaki kusema nilijisikiaje.

Nikaanza na lengalenga, ile ile niliyoidharau kwa sababu haikuwa na picha. Mbegu zake ni ndogo kama unga, kwa hiyo nilizichanganya na mchanga mkavu ili zisimwagike zote mahali pamoja, nikazinyunyiza, nikazigusa na udongo kidogo tu. Zilichungulia nje kabla sijamaliza kujisifu. Kando yake nikapanda gombo, zile bamia zetu, mbegu zikiwa zimelazwa ndani ya maji kwanza. Gombo haina habari na jua la saa sita. Ninyi mkikimbilia kivulini, yenyewe inarefuka. Matembele sikuyanunulia mbegu kabisa. Niliomba vikonyo vya viazi vitamu, nikavichomeka ardhini vimelala, vikanyauka siku ya kwanza kwa maringo, kisha vikaamka na kuenea. Ngai-ngai, ile mboga chachu yenye mashina mekundu, nilipanda kwa ajili ya rangi, ionekane mbali. Mume wangu alidai pilipili, akapewa pilipili.

Chini ya ukuta wenyewe, kwenye ule udongo tuliourundika, nikazika mbegu za maboga. Majani yake tunayaita kibwabwa, huliwa na karanga, na mmea wake haujui mpaka wa mtu. Niliuonyesha ukuta nikauambia: panda.

Tulitandaza majani makavu juu ya udongo ili usikauke, tukamwagilia asubuhi na jioni kwa maji tuliyosuuzia vyombo. Mbolea ilibaki mle mle ardhini, ikifanya kazi yake kimya, na nilipiga marufuku jina lake nyumbani. Mume wangu akitaka kulitaja alisema "ile kitu ya shemeji".

"Kumbe," akaniambia siku moja akiwa ameinama kwenye matembele, "yote hii kelele, na umerudia ku lengalenga."

"Nyamaza, mwagilia."

Jirani hakulala tena kwake, lakini alikuja mchana kufagia, maana hata nyumba unayoikimbia huwezi kuiacha chafu. Nilisikia ufagio wake. Wakati mwingine ufagio ulisimama karibu na ukuta, kisha ukaendelea. Sikumwita. Kwa mtu mwenye sauti kama yangu, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwenye bustani ile.

Negosia alichelewa, lakini alirudi. Safari hii hakuja kwangu, alikuja kwake, lakini kwanza akataka kuona upande wetu, kama mtu anayetaka kuonja mchuzi kabla ya kununua sufuria. Nilimfungulia geti nikasema pita. Alisimama katikati ya ua uliojaa jua, akatafuta hema. Akatafuta shimo. Alichomeka fimbo kwenye matuta hapa na pale, ikagonga ardhi ngumu chini kidogo tu. Gombo ilikuwa imemfikia kifuani.

"Mbuzi eko wapi?" akauliza, sasa kwa mashaka.

"Mbuzi eko kwa bwana yake."

Nilimfungia fungu la lengalenga, kubwa, lenye umande bado. Alilipokea kwa mikono miwili kwa sababu alilelewa vizuri, akatoka nalo, na jinsi alivyolifunga nyuma ya pikipiki ilionyesha kwamba maisha yamemvunja moyo. Nilimsikia akisimama kwenye geti la jirani. "Mama, samahani, sitanunua. Kule hakuna kitu. Ni majani tu."

 Kisha nikasikia kandambili, kisha geti letu.

Mama wa makayabu aliingia bila kubisha. Hakunisalimia. Alivua kandambili zake, akaingia peku kati ya mistari, na kwa uzito wake wote akaanza kupiga mguu chini. Alipiga penye gombo, akapiga penye ngai-ngai, akasimama katikati kabisa ya lengalenga yangu, akaruka. Watu waliotoka Kasulo wanaijua sauti ya ardhi yenye tumbo tupu. Nilitazama mboga zangu zikilala chini ya nyayo zake na nikaziba mdomo kwa mkono. Ardhi ilijibu ndi, ndi, kila aliporuka, mpaka akahema.

"Nipatie mukeka," akasema.

Nilimletea. Aliutandika kati ya matuta, juani, akajilaza ubavu, akaweka sikio chini na kufumba macho ili asikie vizuri. Nilichuchumaa karibu naye. Sikuwa na hofu ya kile atakachosikia, ila nilikuwa na hofu kwamba hata akisikia kimya hatakiamini, kwamba sikio lake lilikwishajifunza ti, ti, ti na halitasahau. Alikaa hivyo muda mrefu. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Mama," nikanong'ona, mimi, "unasikia nini?"

 Nikainama zaidi. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo, shavu limekandamizwa kwenye mkeka, na alikuwa anakoroma.

Nilifungua mwavuli nikamshikia juu ya kichwa. Mume wangu akatokea na ndoo ya maji, akatuona, akasimama. Nilimpungia mkono arudi. Alitazama lengalenga iliyolala chini, jua lililosimama juu yake, kisha ndoo.

"Itakufa," akasema polepole.

"Haitakufa," nikamwambia. "Inapenda jua, njo juu ya ile tuliichagua. Acha mama alale."